Katuni ya dakika moja ya shujaa wa kuchekesha: mwongozo kamili wa kuitengeneza pamoja na watoto

Katuni ya shujaa mwenye nguvu za ajabu inaweza kutengenezwa mezani kwa simu moja, karatasi za manila, mkasi, taa mbili na watoto wanne hadi sita. Mbinu yenyewe ni vikaragosi bapa vya karatasi: unavilaza mezani, unavisogeza kidogo, unapiga picha kutoka juu, unavisogeza tena, unapiga nyingine. Ni mbinu ya zamani. Lotte Reiniger wa Ujerumani aliitumia kutengeneza filamu ndefu iliyoonyeshwa mwaka 1926. Kwa hadithi za mashujaa inafaa kuliko kidoli cha udongo, kwa sababu shujaa hupaa. Kidoli kilichosimama lazima kitundikwe kwa uzi, halafu uzi ufutwe picha kwa picha. Karatasi iliyolala mezani hupaa popote unapoisukuma, wala haianguki.

Kabla ya mkasi, tuelewane kwenye hesabu. Filamu ya sinema huonyesha fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa sekunde, lakini katuni nyingi huchorwa kwa 12 na kila mchoro huonyeshwa mara mbili. Sisi pia tutapiga 12. Dakika moja ni fremu 720. Ukipiga 24 utahitaji 1,440 na watoto watachoka kabla ya nusu. Ukishuka hadi 6, miruko ya haraka, ambayo ndiyo roho ya vichekesho, itapotea katikati ya fremu mbili. Si lazima zote 720 ziwe picha mpya. Mahali ambapo mhusika ametulia, programu inarudia picha ileile. Kwa hadithi iliyopangwa vizuri, picha za kupiga kwa mkono huwa karibu 400. Watoto wakishazoea hupiga 60 hadi 100 kwa saa, kwa hiyo panga siku tatu za saa mbili mbili, si siku moja ya saa sita.

Anza na udhaifu, nguvu zitafuata

Watoto wakiulizwa shujaa wao ana nguvu gani, watakupa zote: anapaa, haonekani, anatoa moto machoni. Shujaa wa namna hiyo hachekeshi, kwa kuwa hakuna kinachoweza kumharibikia. Waulize swali jingine: nguvu zake zinakataa lini? Jibu la swali hilo ndilo hadithi.

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni huu. Msichana anaitwa Kwikwi. Kila akishikwa na kwikwi, anarushwa juu kama mpira. Hana nguvu nyingine yoyote. Adui yake ni Bwana Mtungi, mzee mwenye tumbo la mtungi na mikono mirefu, anayenyang'anya watoto mipira yao. Sasa, kila mtoto anajua kwikwi inakatwa kwa maji. Bwana Mtungi hahitaji bunduki wala mtambo wa siri. Anahitaji kikombe cha maji na maneno mawili: "Karibu maji." Na Kwikwi, kwa kuwa amelelewa vizuri, atamwamkia kwanza, kisha atapokea na kunywa. Hapo mtoto wa miaka mitano anayetazama ameshaanza kupiga kelele: "Usinywe!"

Angalia jinsi kila kitu kinavyotoka ndani ya kanuni moja. Nguvu, udhaifu, silaha ya adui na wokovu vyote vinahusu koo la msichana mmoja: kwikwi inakatwa na maji na inarudishwa na pilipili. Ukiona hadithi yenu inahitaji kitu cha pili cha kueleza, kwa mfano pete ya uchawi au mnyama anayesema, kiondoe. Dakika moja haina nafasi ya kanuni mbili.

Gawa hadithi katika vipande vinane, kila kimoja na sekunde zake:

1. Watoto wanacheza mpira. Mkono mrefu unaingia kutoka nje ya picha na kuunyakua. Sekunde 8.
2. Kwikwi anachungulia juu ya ukuta. Hik! Anarushwa na kutua mbele ya adui. Sekunde 7.
3. Wanatazamana. "Shikamoo." "Marahaba." Sekunde 6.
4. "Karibu maji." Anakunywa hadi tone la mwisho. "Ahsante." Sekunde 10.
5. Anajiandaa kuruka. Hakuna kitu. Anajaribu tena. Anakaa chini pu! Sekunde 8.
6. Bibi anatokea dirishani na kijiko cha achari ya pilipili. Sekunde 7.
7. Uso unabadilika rangi. Hik! Hik! Hik! Anamgonga Bwana Mtungi tumboni, mpira unatoka. Sekunde 10.
8. Bwana Mtungi peke yake. Kimya. Hik! Sekunde 4.

Jumla 60. Chora kila kipande kwenye karatasi ndogo, hata kwa vijiti tu, uzipange sakafuni na usimulie kwa mtoto ambaye hakuhusika. Akiuliza "kwa nini ameanguka?" basi kipande cha nne hakijaeleweka. Kosa hilo linarekebishwa kwa kalamu leo. Kesho litarekebishwa kwa picha 120.

Jambo moja zito kuhusu kicheko. Watoto wadogo huiga wanachokiona. Shujaa wenu asiruke kutoka juu ya paa au dirisha la ghorofa na kutua salama. Kwikwi anarukia kutoka ardhini. Watoto wakitaka kuvaa joho wakati wa kurekodi, libandikwe begani kwa vibanio vya nguo, lisifungwe shingoni. Na mtu asichekwe kwa kigugumizi, ulemavu, unene au rangi ya ngozi. Tumbo la Bwana Mtungi ni mtungi kweli, wa udongo, wenye nyufa na kifuniko. Mchoreni hivyo ili kicheko kibaki kwenye chombo, kisiangukie mwili wa mtu.

Sauti kwanza, picha baadaye

Wengi hupiga picha zote halafu ndipo hutafuta sauti. Matokeo ni midomo inayofunguka mtu akiwa amenyamaza. Rekodi maneno kabla ya kukata hata karatasi moja, maana urefu wa neno ndio unaokuambia ni fremu ngapi zinahitajika.

Chumba kizuri ni kile chenye godoro, mapazia na nguo nyingi. Sebule yenye sakafu ya vigae hutoa mwangwi ambao hautoki tena. Paa la bati na mvua haviendi pamoja, ahirisha. Zima feni na friji kwa muda. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isiipige kipaza sauti moja kwa moja. Kila neno lirekodiwe mara tatu: mara ya kwanza mtoto anasoma, mara ya pili anaigiza, mara ya tatu anacheza. Aghalabu ya tatu ndiyo inayofaa. Malizeni kwa kurekodi sekunde kumi za ukimya wa chumba. Mtazihitaji kuziba mapengo baina ya maneno. Kama sauti inatumwa kwa WhatsApp kwenda simu nyingine, itumwe kama dokumenti, isipitie kama ujumbe wa sauti, kwani ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora.

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi kubwa. Karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo mhusika anahitaji midomo saba: A, E, I, O, U, mdomo uliofungwa kwa ajili ya m, b na p, na mdomo wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Konsonanti nyingine huziachi nafasi yake. Zinapita ndani ya irabu. Mhusika akiwa mbali na kamera, E na I zinaweza kutumia mdomo mmoja, vivyo hivyo O na U.

Mtu anayesema kwa utulivu katika katuni ya watoto tumpe silabi nne kwa sekunde, yaani fremu tatu kwa silabi. "Karibu maji" ina silabi tano, hivyo fremu 15:

*ka*: A, A, A. *ri*: I, I, I. *bu*: mdomo uliofungwa, U, U. *ma*: mdomo uliofungwa, A, A. *ji*: I, I, I.

Hizo fremu mbili za mdomo uliofungwa ndizo zinazomdanganya mtazamaji kwamba karatasi inaongea. Ukizikosa, hata irabu zikiwa sahihi, mhusika ataonekana anatafuna. M inayosimama peke yake kama silabi, kwa mfano katika "mtoto", ipewe fremu mbili kamili za mdomo uliofungwa. W ianzie kwenye U kwa fremu moja kabla ya irabu yake.

Andika haya yote kwenye daftari lenye safu nne: namba ya fremu, silabi, mdomo, kitendo. Sikiliza rekodi yenyewe ukiwa na programu ya kuhariri mbele yako, na uandike kinachosikika, kwani mtoto anaweza kuvuta "Marahabaaa" kwa sekunde mbili, na huo mvuto ndio utamu wa Bwana Mtungi.

Vikaragosi

Eneo la kupigia picha ni karatasi ya A3, upana sentimita 42. Kwa umbo la skrini ya video, 16 kwa 9, kimo kinachoonekana ni sentimita 23.6 tu, weka alama ya penseli juu na chini. Kwikwi awe na urefu wa sentimita 12, Bwana Mtungi 17, ili tofauti yao ionekane kabla hawajasema neno. Kwa vipande vya uso kwa karibu, tengeneza kichwa kingine kikubwa cha sentimita 14. Usijaribu kusogeza kamera karibu na kichwa kidogo. Kingo za mkasi zitaonekana na midomo itakuwa midogo mno kushikika.

Tumia manila nene au boksi la majani ya chai lililogeuzwa ndani nje. Karatasi ya kawaida hujikunja kwa jasho la vidole ndani ya saa moja. Kata viungo tofauti: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili iliyogawanyika kwenye kiwiko, miguu miwili iliyogawanyika kwenye goti. Kila kipande kiongezwe sentimita moja na nusu ya kupandiana na kinachofuata, na ncha hiyo iwe ya mviringo. Ncha ya mraba hutokeza pembe kila mkono unapokunjwa.

Viungo vifungwe kwa uzi. Toboa vipande viwili kwa sindano, pitisha uzi, piga fundo kubwa mbele na fundo jingine nyuma, vuta hadi kiungo kikubali kukunjwa lakini kibaki pale ulipokiacha. Jaribio ni rahisi: inua mkono wa kikaragosi, uachie. Ukirudi wenyewe, fundo limelegea. Karatasi ikipinda, limekaza kupita kiasi.

Kazi inayosahaulika ni kupaka rangi kingo. Manila ikikatwa huacha mstari mweupe pembeni, na chini ya taa mstari huo unamulika kila kikaragosi kinaposogea. Pitisha kalamu ya rangi ileile ya nguo kwenye kila ukingo. Epuka karatasi za kung'aa na selotepu upande wa mbele. Vinarudisha mwanga kwenye kamera.

Rangi zichaguliwe dhidi ya mandhari. Kama ukuta wa mtaa ni wa njano iliyofifia, joho la Kwikwi liwe la bluu au zambarau, lisiwe la chungwa. Halafu fanya jaribio la kivuli: igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, na uikazie giza. Bado unamtambua ni nani? Kwikwi awe duara na pembetatu, na nywele zake mbili zikisimama; Bwana Mtungi awe mviringo mmoja mkubwa wenye mikono kama tambi.

Joho lisiwe na viungo. Kata majoho manne yenye mawimbi tofauti, uyabadilishe kwa zamu 1, 2, 3, 4, kila moja kwa fremu mbili, kisha rudi mwanzo. Linapepea bila kumchosha mtu. Midomo nayo ikatwe kwa wingi, miwili miwili ya kila aina, kwa sababu itapotea tu, na ihifadhiwe kwenye vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi. Ibandikwe kwa chembe ya gundi laini ya kubandikia picha ukutani, ndogo kama punje ya mchele. Ikizidi, mdomo huinuka na kutupa kivuli kama sharubu.

Macho: mboni ziwe vipande huru. Kabla mhusika hajageuka, mboni zitangulie fremu mbili au tatu. Akifumba na kufumbua, fremu mbili za kope zinatosha.

Kamera na taa

Simu ikae bapa, kioo kikitazama dari, lenzi ikitazama meza. Panga vitabu katika minara miwili yenye kimo cha sentimita 30 hadi 40, weka ubao juu yake kama daraja, na ulaze simu ukingoni ili lenzi pekee itokeze nje. Ufunge kwa mpira na uweke kilo moja ya mchele juu ya ubao, nyuma ya simu. Kimo halisi kinategemea lenzi; shusha au pandisha mpaka A3 ijaze upana wote. Lenzi pana kupita kiasi isitumike, inapinda kuta.

Weka simu katika hali ya ndege, maana mtetemo wa simu moja inayoingia unaweza kuisogeza. Ichajiwe wakati wote, na iwe na angalau gigabaiti 2 za nafasi. Programu ya Stop Motion Studio inatosha kwa Android na iPhone. Ndani yake fanya mambo manne kabla ya picha ya kwanza: weka fremu 12 kwa sekunde, funga fokasi (ukali wa picha), funga mwangaza, funga uwiano wa rangi. Washa pia kivuli cha fremu iliyotangulia. Kinaonyesha kikaragosi kilikuwa wapi, na kinaokoa siku meza ikigongwa.

Taa mbili za aina moja, kutoka boksi moja ikiwezekana, kulia na kushoto, kila moja ikimulika kwa pembe ya nyuzi 45 na umbali wa karibu sentimita 60. Taa ya juu ya dari izimwe, la sivyo simu itatupa kivuli chake katikati ya mtaa wa Kwikwi. Mapazia yafungwe kabisa. Jua linalopitia dirishani halionekani kubadilika kwa macho, ila wingu likipita kati ya picha ya 40 na ya 41, katuni itapepesa kama taa mbovu.

Kupepesa ndiko kunakoharibu kazi nyingi za wanaoanza, na chanzo huwa kimojawapo cha hivi: mwangaza haukufungwa, dirisha liko wazi, msogezaji amevaa shati jeupe linalorudisha mwanga mezani, kwa hiyo vaeni nguo za giza, au kasi ya kamera, yaani muda inaochukua kupiga picha moja, haiendani na umeme. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100. Kama programu inakuruhusu kuchagua kasi, tumia 1/25, 1/50 au 1/100 ya sekunde, michirizi ya giza itaondoka. Umeme ukikatika msihamie kwenye taa ya kuchaji: inapungua nguvu taratibu, na kipande kizima kitazama gizani kidogo kidogo. Andikeni namba ya fremu mliyofikia, mfunike meza kwa kanga, msubiri.

Bandika pembe za mandhari kwa selotepu ya karatasi, kisha weka alama sakafuni kwenye kila mguu wa meza.

Kupiga picha

Gawa kazi. Mmoja anabonyeza, wawili wanasogeza, mmoja anashika daftari na kusoma kwa sauti: "Fremu 212, mdomo A, kikombe kipande cha sentimita juu." Kabla ya kila picha mpigaji aseme "Mikono!" na wasogezaji wote warudishe mikono mgongoni. Kidole kilichoonekana kwenye picha moja kati ya 720 kitaonekana na kila mtazamaji. Simu nyingi hukubali kupiga picha kwa kitufe cha sauti cha earphone, na hapo hakuna anayegusa simu. Jaribu ndani ya programu yako kwanza. Zamu zibadilishwe kila baada ya fremu 50.

Sasa kwikwi yenyewe, maana katuni yote imesimama juu yake. Fremu 6 za kutulia kabisa, macho yakikua. Fremu 2 za kujikunja: magoti yakunjike, kichwa kishuke sentimita moja. Hapa jicho la mtazamaji linaonywa kwamba jambo linakuja. Fremu 3 za kupaa: sentimita 5, kisha 3, kisha 2. Fremu 4 za kuelea hewani, nywele tu zikisogea. Kisha kuanguka, na hapa kuna kanuni ya kweli ya maumbile: kitu kinachoanguka hupita umbali unaoongezeka kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7 katika vipindi sawa vya muda. Jumla yake ni 16. Kwikwi amepanda sentimita 10, kwa hiyo punguza kila hatua kwa uwiano uleule, na atue magoti yakiwa yamekunjika, halafu asimame kwa fremu 2. Watoto hupenda kumshusha kwa hatua sawa sawa. Ukiwaruhusu, ataonekana anashuka kwa lifti.

Kutembea ni fremu 6 kwa hatua moja. Watembeze kidogo, kutembea kunachukua picha nyingi na hakuchekeshi.

Kipande cha tano, kile cha nguvu kukataa, ndicho mtihani. Kwikwi anakunja magoti, anainua ngumi, joho linapepea fremu 4, na joho linasimama. Sasa usiguse chochote kwa fremu 12 nzima. Watoto wasogezaji watataka kufanya kitu. Wazuie. Kisha mboni zake tu ziende kulia kwa fremu 3, zirudi katikati. Fremu 6 za kutulia. Ndipo akae chini kwa fremu 3. Ule ukimya wa sekunde moja ndio unaomwambia mtazamaji kwamba maji yamefanya kazi, na mtazamaji akigundua kabla ya Kwikwi, anacheka. Ukiufupisha hadi fremu 4, anguko linakuwa ajali tu.

Katika kipande cha saba, kwikwi tatu zisifanane. Ya kwanza impeleke sentimita 5, ya pili 10, ya tatu imtoe nje ya picha kabisa. Picha ibaki tupu fremu 8, kisha arudi kutoka upande wa pili na kulipiga tumbo la mtungi. Uso ubadilike rangi kwa vichwa vitatu vilivyopakwa mapema, wa kawaida, wenye mashavu ya chungwa na mwekundu, kila kimoja fremu 5.

Meza ikigongwa, usiendelee kwa kukisia. Washa kivuli cha fremu iliyotangulia, rudisha mandhari kwenye alama zake, kisha vikaragosi, miguu kwanza na vichwa mwisho. Ikishindikana, anza kipande kipya kwa uso wa karibu, hakuna atakayejua.

Kuunganisha

Toa video kwa 1080p. Kwenye CapCut au programu nyingine ya kuhariri, weka mradi wako kwenye fremu 24, si 30. Kumi na mbili inaingia mara mbili ndani ya 24, kila picha ikikaa sawa na mwenziwe. Ndani ya 30 baadhi ya picha zitakaa fremu mbili na nyingine tatu, na miruko mliyoihesabu kwa uangalifu itakwaruza.

Laza sauti za maneno kwanza, kisha milio. Joho ni kanga inayopungwa karibu na simu. Nyayo ni vidole kwenye sinia la mchele. Tumbo la Bwana Mtungi ni ngumi kwenye ndoo tupu ya plastiki, ikirekodiwa ndani ya ndoo. Anguko la Kwikwi ni mto unaodondoshwa kwenye zulia. Mlio uanze kwenye fremu ileile ya mgongano au moja kabla. Ukichelewa fremu mbili tu, pigo linapoteza uzito.

Muziki wa msanii usiutumie bila ruhusa; YouTube huutambua yenyewe na video inaweza kuzuiwa au kudaiwa. Watoto wapige ndoo na vijiko kwa sekunde 20, mrudie. Na chini ya kipande cha tano muziki uzimike kabisa, ubaki ule ukimya wa chumba mliourekodi siku ya kwanza. Mwishoni andikeni majina ya kwanza tu ya watoto, bila shule wala mtaa, na wazazi wakubali kabla katuni haijatumwa mahali popote. Ikitumwa WhatsApp, iende kama dokumenti ili isibanwe.

Kabla ya kuifunga, waonyeshe watoto watano au sita ambao hawajaiona, wewe ukae pembeni ukiwatazama wao na kuacha skrini. Andika sekunde waliyocheka na waliyogeuza shingo. Wakigeuka kabla ya kipande cha nne, kipande cha kwanza ni kirefu. Kata sekunde mbili za mpira. Wakicheka kwa nguvu Kwikwi anapokaa chini, kicheko kitaimeza sauti ya Bibi inayofuata, kwa hiyo rudia fremu ya mwisho ya kipande hicho mara 12 zaidi. Fanya hivyohivyo kwa ile "Hik!" ya Bwana Mtungi: mwache abaki ameganda, macho yamemtoka, kwa sekunde moja na nusu, kisha skrini iwe nyeusi.